Mkono wa Mwenyekiti

Nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa banda letu la chai kwa sababu nilikuwa na saa ya mkononi. Sisemi kwamba saa ilichangia kidogo. Saa ndiyo iliyochaguliwa, mimi niliambatana nayo tu. Siku ya mkutano mzee mmoja alisimama akasema jani la chai likishachumwa halina subira, kwa hiyo tunataka mtu anayejua ni saa ngapi. Watu wote wakageuka wakanitazama mkono. Nikajipigia kura na mimi, ili isije ikaonekana nadharau.

Zilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipolegeza kamba. Mashirika ya umma yalikuwa yanapunguza wafanyakazi, na mimi nilikuwa nimepunguzwa kwenye ghala moja kule Tanga, nikarudi milimani na sanduku la bati, redio ya betri na hiyo saa. Zamani majani yetu yalikuwa ya serikali, na yakiharibika yalikuwa yanaiharibikia serikali. Sasa tuliambiwa tujiongoze wenyewe. Kila mtaa uunde kamati yake, ikague majani bandani, iyafungashe, na gari la kiwanda lipande kuyachukua mara tatu kwa wiki. Kiwanda chenyewe kilikuwa ng'ambo ya mabonde mawili, upande wa Bumbuli. Barabara ya kufika kwetu ilikuwa udongo mwekundu mtupu, na mvua ikinyesha gari lilikuja likitaka, lisipotaka likalala huko huko.

Kazi ya mwenyekiti ilikuwa nyepesi sana kwa mtu mwenye akili timamu. Wakulima wanakuja na matenga mgongoni, wanamwaga majani juu ya meza ndefu ya mbao, unatazama kama ni majani mawili na chipukizi, unatoa yaliyokomaa, unapima, yanatiwa kwenye viroba vya wavu bila kushindiliwa, yanatundikwa kivulini yapate hewa. Basi. Baada ya hapo unakaa kwenye benchi unangoja gari. Hapo kwenye kukaa ndipo niliposhindwa.

Sijui niseme nini kuhusu ule wasiwasi ili mtu aliyetulia anielewe. Ulianza tumboni. Saa saba ikifika na gari halijasikika, tumbo lilikuwa linanyonga, viganja vinalowa, na moyo unakwenda mbio mpaka nausikia masikioni. Nikatazama saa. Nikatoka nje kutega sikio bondeni. Nikarudi. Nikatazama saa tena, kumbe dakika mbili hazijapita. Niliifikisha ile hali zahanati nikiamini kabisa kwamba nina presha. Presha ilikuwa ugonjwa wa wakubwa, na mimi nilikuwa mwenyekiti. Muuguzi akanifunga mpira mkononi, akapima, akapima tena kwa sababu nilimwomba, kisha akaniambia, "Huna presha, baba. Una wasiwasi." Akaita mgonjwa mwingine. Nilirudi nyumbani nimeudhika kuliko ningeambiwa ninakufa.

Dawa niliipata mwenyewe, na ilikuwa hii: kuyagusa majani. Mtu akikwambia kwamba majani ya chai yakikaa vibaya yanapata joto ndani kwa ndani, yanageuka mekundu, na mekundu kiwanda hakiyataki, utafanya nini? Utayaangalia. Nikawa natia mkono kwenye kiroba, nautumbukiza mpaka katikati, nasikiliza joto kwa ngozi. Baridi. Alhamdulillahi! Kwa dakika moja moyo unatulia, nakuwa mtu kama watu. Kisha najiuliza, je, kile kiroba cha pili? Natia mkono. Je, cha kwanza bado kiko vile vile? Natia tena. Nilikuwa nayapindua, nayapepeta, nayaminya kidogo kuona kama bado yana uhai. Watu wakawa wanasema mwenyekiti wetu ni mchapakazi, hakai. Nami nikiwasikia naongeza bidii.

Mara ya kwanza majani yetu kukataliwa, nilikuwa nimesimama mbele kabisa, kifua mbele, nikisubiri kusifiwa. Karani wa kiwanda, kijana mpole aliyekuja na gari kila mara, alishusha kiroba kimoja, akakipasua, akachota. Katikati majani yalikuwa mekundu. Akapasua cha pili, na cha tatu. "Mwenyekiti," akasema kwa sauti ya kunionea huruma, "haya sipandishi." Viroba tisa vikabaki chini, kazi ya watu arobaini ya tangu alfajiri. Tukayamwaga nyuma ya banda, na mbuzi waliokuwa wanapita wakayanusa wakaendelea na safari yao.

Sasa, mtu mwingine angeuliza kwa upole kumetokea nini. Mimi nilihitaji mkosaji, tena kabla ya jua kutua. Nikamtazama mama yangu mkubwa, dada yake marehemu mama yangu, aliyenilea miaka miwili nilipokuwa mdogo. Yeye ndiye aliyetoka mbali zaidi, shamba lake lilikuwa kule juu karibu na msitu, na tenga lake siku zote lilikuwa limejaa pomoni. Ikaniingia akilini kwamba anashindilia. Sikumwita pembeni. Nilisimama juu ya benchi. Nasema kweli, nilipanda juu ya benchi na viatu vyangu vya Tanga, nikatangaza mbele ya watu kwamba kuna wanaoshindilia majani, wanatuharibia banda zima, na kuanzia leo mama huyu asilete chai hapa mpaka kamati ikae.

Kamati ilikuwa mimi na watu wawili waliokuwa wananiogopa kwa sababu ya saa.

Hakujibu kitu. Alinitazama muda mrefu, akajitwisha tenga lake tupu mgongoni, akaondoka. Kuanzia siku hiyo akawa anabeba majani yake kuvuka kilima kizima kupeleka banda la wenzetu wa upande wa pili, mwendo wa saa moja na nusu kwenda tu, na umri ule. Nilimwona asubuhi moja akipandisha katika ukungu. Nikajificha nyuma ya mgomba. Mwenyekiti mzima, nyuma ya mgomba! Nikajiambia uongozi una machungu yake.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, gari likachelewa, na mimi nikachapa kazi kuliko siku zote. Majani yakakataliwa tena. Mama mkubwa hakuwepo na tenga lake halikuwepo, ila majani yalikuwa mekundu zaidi ya mara ya kwanza. Karani safari hii hakunionea huruma. Alisema amepewa maneno ya kutufikishia. Gari kupanda mpaka kwetu ni taabu, njia mbaya, viroba vichache. Likipanda mara ya tatu likakuta mekundu, halitapanda tena. Anayetaka kuuza chai ataibeba mwenyewe mpaka barabara kubwa.

Kubeba mpaka barabara kubwa ni mwendo wa nusu siku, na chai ya nusu siku kwenye jua imeshakufa. Maana yake ni kung'oa michai. Jirani yangu alikuwa ameshang'oa nusu ekari akapanda kabichi za kupeleka Dar, na wengi walikuwa wanamwonea wivu mpaka bei ya kabichi iliporomoka akabaki anawalisha nazo ng'ombe. Sisi wengine chai ndiyo ilikuwa ada za watoto, sabuni, mafuta ya taa, kila kitu. Nilifungua kinywa ili nimtafute mkosaji mwingine.

Dada mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akaniwahi. "Mwenyekiti, samahani. Wewe huchumi chai."

"Sichumi," nikasema. "Mimi ni msimamizi."

"Mbona mkono wako mweusi mpaka kwenye kiwiko?"

Nikautazama. Watu wote wakautazama. Yeyote anayeishi na chai anajua utomvu wake unavyoganda kwenye vidole vya wachumaji, kahawia iliyokolea, hautoki kwa sabuni. Wao walikuwa na vidole vyeusi. Mimi nilikuwa na vidole, kiganja, na mkono wote mpaka kwenye kiwiko, ule wa kulia, wenye saa. Mkanda wa saa wenyewe ulikuwa umebadilika rangi. Jani la chai likiminywa linajeruhika, likijeruhika linageuka jekundu na kupata joto. Kila mtoto kwetu anajua hilo. Nilikuwa nayachoma majani kwa kuyaangalia kama yanaungua.

Loo! Kama ardhi ingekuwa na mlango ningeingia. Mtu mmoja alicheka, akajizuia, kisha wakacheka wote, hata karani aligeukia gari akajifanya anakagua tairi. Nilicheka na mimi, kicheko cha mtu aliyekamatwa. Usiku ule sikulala, lakini hilo si habari, tangu nichaguliwe nilikuwa silali.

Kesho yake mchana nikapanda kwa mama mkubwa. Nilimkuta shambani, kiuno kimezama katikati ya michai, mikono inakwenda yenyewe. Nikaanza kutoka mbali, pumzi juu, "Shikamoo mama mkubwa nimekuja kukuomba radhi yale majani si wewe ni mimi nimegundua—"

"Rudi," akasema.

"Mama?"

"Rudi mpaka pale kwenye njia uje upya. Tangu umekuwa mwenyekiti hujanisalimu. Unanirushia shikamoo kama mtu anayelipa nauli."

Nikarudi. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne, nikarudi mpaka kwenye njia nikaja upya. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, mwanangu. Akaingia Kishambaa, nami nikamfuata: onga mshi, yaani habari za mchana, tiwedi, yaani hatujambo, kisha habari za nyumbani, za watoto, za mke, za ng'ombe yule aliyekuwa anachechemea, za mvua, za huko Tanga nilikoacha watu. Kila nilipojaribu kukata njia aliuliza jingine, na kila swali alilingojea jibu. Tulipofika kwenye mbuzi nikagundua tumbo halininyongi. Sikujua limeacha saa ngapi, na kwa mara ya kwanza sikutazama.

"Haya," akasema, "sasa sema."

Nikasema. Nilimwambia nilivyomwaibisha, nilivyopanda juu ya benchi, nilivyojificha nyuma ya mgomba. Nikamwambia na yale ambayo sikuwa nimemwambia mtu: moyo, viganja, tumbo, kwamba gari likichelewa ninaona kabisa watoto wa watu arobaini wamefukuzwa shule kwa sababu yangu, na mkono unakwenda kwenye kiroba kabla sijaamua. Nilianza kulia katikati ya maneno. Yeye aliendelea kuchuma.

"Ile siku uliniumiza sana," akasema. "Sikujibu kwa sababu ningejibu ningekulaani, na wewe ni mtoto wa dada yangu."

Nilishika mchai mmoja, akanipiga kofi mkononi. "Acha! Unashika nini? Ndiyo hayo hayo."

Kisha akaniambia la kufanya, wala hakulipamba. Mkono ukikuwasha, msalimie mtu. Msalimie mpaka mwisho, uulize mpaka mbuzi, usikilize anachojibu. Ukimaliza, bado unawasha, msalimie mwingine. Pale bandani watu ni arobaini, gari litafika kabla hujawamaliza. "Na hiyo saa nipe mimi." Nikaivua. Akaifunga kwenye mkono wake, ikawa inamcheza, akaisukuma mpaka karibu na kiwiko akaendelea na kazi. Nikamwuliza kama amenisamehe. Akasema hajui bado, tuone kwanza gari.

Siku ya gari ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la banda. Mama mkubwa alikuja na tenga lake, wa mwisho kwenye foleni, na watu wakampisha kama bibi harusi. Nikatangaza mbele ya wote kwamba nilimsingizia. Safari hii nilisimama chini. Sentensi niliyoiandaa tangu jana ilinikimbia, nikaishia kusema, "Kosa ni langu, mkono ni huu hapa," nikauinua. Wakacheka tena, lakini kicheko kilikuwa kingine. Yeye akamwaga majani yake mezani.

"Kagua," akasema.

"Sina haja, mama mkubwa. Yako naya—"

"Kagua. Si ndiyo kazi yako? Mara moja."

Nikapitisha mkono juu mara moja, nikautoa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na nimewahi kupakua magunia ya saruji.

Viroba vikatundikwa. Mimi nikakaa kwenye benchi, mikono nimeikalia. Saa sita ikapita, au nadhani ilipita, anayejua alikuwa mama mkubwa naye hakusema. Bondeni kimya. Tumbo likaanza. Nikamgeukia yule dada mwenye mtoto, nikamsalimu. Akashangaa, tulikuwa tumesalimiana asubuhi. Nikauliza habari za mtoto, akasema anaota meno hana raha. Nikauliza za mama yake, akasema amehamia Kwai kwa kaka yake anayefuga ng'ombe wa maziwa, na huko kuna baridi miguu inamsumbua. Nilikuwa namjua huyu dada miezi minane, napima majani yake mara tatu kwa wiki, sikujua kama ana mama. Mkono ukawasha. Nikamsalimu mzee aliyefuata. Yeye alinipa habari za mbuzi mmoja mmoja.

Nilipofika kwa mtu wa kumi na saba, au kumi na nane, mvua ikaanza. Nikaona barabara imekatika, gari limezama, mwisho. Nilikuwa nimeshanyanyuka. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwenye viroba, na kile cha mwanzo kilikuwa kinaning'inia usawa wa kifua changu kama kinaniita. Hakuna aliyenizuia, hilo nalikumbuka. Mama mkubwa alikuwa ameketi kwenye debe karibu na mlango, ananitazama tu, na nilijua kwamba nikitia mkono hatasema neno, ataondoka kama alivyoondoka siku ile, na mimi nitakuwa nimewamaliza wote kwa mara ya tatu.

"Onga mshi, mama mkubwa," nikasema. Nilipiga kelele kabisa.

"Tiwedi," akajibu, taratibu. "Za nyumbani?"

Tukaanza upya. Mke, watoto, ng'ombe. Maswali mawili nilirudia, akayajibu yote mawili kama hayajawahi kuulizwa. Wengine wakaingilia, kila mtu na habari zake, hata wale wa kamati wakaanza kuulizana habari za shamba, wanaume ambao nyumba zao zinatazamana. Tulikuwa tumefika kwenye kuku nilipogundua watu wanatazama nje. Gari lilikuwa limesimama mlangoni, matope mpaka kwenye vioo.

Karani akashuka. Hakunitazama usoni, nadhani alikuwa ameshajiandaa kwa maneno magumu. Akashusha kiroba cha mwanzo, akakipasua, akatumbukiza mkono mpaka katikati. Alikaa nao humo muda mrefu. Akachota, akayasogeza kwenye mwanga, akanusa. Yalikuwa mabichi, kijani kitupu. Akafungua cha pili. Cha tatu hakukifungua.

"Pandisheni," akasema.

Ikawa vurumai. Viroba vikaruka, watu wanapokezana, yule dada anacheka na mtoto analia. Mimi niliketi kwenye benchi ili watu wasinione, nikagundua siwezi kuinuka. Machozi yalikuwa yananitoka na kamasi pia, na sikuwa na leso. Mtu mmoja wa kamati akaniita kwa sauti, "Mwenyekiti! Njoo utie sahihi!" Nikajaribu, nikarudi chini. Akaita tena, na baadhi ya watu wakaanza kugeuka.

Mama mkubwa alikuja akasimama mbele yangu, mgongo wake ameuelekeza kwa watu, akakunjua khanga yake ya juu kama anayejifunga upya. Alichukua muda mrefu kujifunga. Nikapata nafasi ya kujifuta uso kwa mkono wangu mweusi.

"Mwacheni kidogo," akawaambia bila kugeuka. "Mwanangu anakuja."